KITAMBI CHA GITUTU: MWILI WA MHUSIKA NA HUKUMU YA MHAKIKI

Fungua daftari lolote la mwanafunzi wa fasihi, wa kidato cha tatu au wa mwaka wa tatu hapa chuoni, utakuta sentensi hii au ndugu yake: mhusika fulani ni mnene, ana kitambi, kwa hiyo anawakilisha tabaka la wanyonyaji. Mwalimu anaweka vema, maksi mbili, tunakwenda mbele. Hakuna anayeuliza hiyo "kwa hiyo" imetoka wapi.

Makala hii inakusudia kuiuliza. Wahakiki wetu wameandika mengi na mazuri kuhusu tabaka la mhusika, jinsia yake, lugha yake na hata jina lake. Unene na wembamba wake wameuacha kama kitu kinachojieleza chenyewe. Nitadai kwamba fasihi yetu, pamoja na sanaa pendwa zinazoizunguka, yaani nyimbo, vichekesho, katuni na mashindano ya urembo, zimetuzoeza kuusoma mwili wa mtu kama hukumu iliyokwisha kuandikwa. Na sisi wahakiki, badala ya kukata rufaa, tumekuwa makarani wa mahakama hiyo.

Tuanze kwa kumpa mshitakiwa haki yake. Kitambi hakikuingia katika fasihi yetu kwa ubaya tu. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, lugha ya siasa ilihitaji picha ambazo mkulima asiyejua kusoma angezielewa mara moja. Zikaja picha za kupe na za mirija. Mnyonyaji hufyonza, na kupe akishafyonza hutuna; sasa mchoraji wa katuni angemchoraje bepari aliyekonda? Tena katika Kiswahili kula si kula chakula peke yake. Mtu anakula rushwa, anakula fedha za ushirika, anakula nchi. Mahali ambapo kulala na njaa si hadithi, tumbo lililojaa lilistahili kuulizwa limejaa kwa jasho la nani. Swali hilo lilikuwa halali na bado ni halali.

Shaaban Robert alikuwa akiiandika tabia ya mhusika katika jina lake: Majivuno, Karama, Utubora. Baada ya Azimio tabia hiyo ilihamia tumboni. Msomaji wa Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere mwaka huohuo wa 1967, anajua kabisa kwamba mapinduzi yamesalitiwa anapoona nguruwe wameota videvu juu ya videvu. Hahitaji kuambiwa zaidi.

Lakini ishara ni makubaliano ya watu, haitoki mbinguni, na makubaliano hubadilika. Ushahidi uko kwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Katika tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, tunakutana na mtawala anayetaka kuzungukwa na watu wanene kwa kuwa anawaona hawana hila, na anayemtilia shaka Cassius kwa sababu amekonda. Huko mwembamba ndiye wa kuogopwa! Yaani mikononi mwa mtu mmoja, katika kipindi kilekile, kulikuwa na kupe aliyetuna majukwaani na mnene asiye na hatia kitabuni. Sijaona mhakiki aliyeziweka picha hizi mbili pamoja.

Siku hizi hata uhalisia wenyewe umeikimbia ishara hii. Nenda Manzese au Mbagala jioni uone nani ana mwili mkubwa. Utamkuta mama anayekaanga samaki, amekaa kwenye kigoda tangu saa tisa, mlo wake ni kile kilichobaki na soda moja. Mwenye fedha yuko Masaki, anakimbia asubuhi na viatu vya laki tatu ili asipate kitambi. Mwanafunzi wetu anayeandika "ni mnene kwa hiyo ni mnyonyaji", akitoka nje na kanuni yake hiyo, atamkamata muuza samaki na kumwachia mwenye viatu.

Nimechagua kuitazama kwa karibu riwaya moja ambayo ninaipenda, kwa sababu kumkosoa usiyempenda ni kazi rahisi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliandika Shetani Msalabani kwa Kigĩkũyũ akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za msalani. Ilitoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980 na kwa Kiswahili mwaka 1982. Ni kitabu kilichosomwa kwa sauti hata kwenye mabaa ya Kenya, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza huku wakinywa. Kwa hiyo tunapozungumzia utamaduni pendwa, riwaya hii haiko mbali nao.

Mhusika mkuu, Wariinga, tunampata akiwa anauchukia mwili wake. Amefukuzwa kazi kwa sababu amemkatalia bosi wake, ameachwa na mpenzi, amefukuzwa chumba, na yeye anaamini kwamba chanzo cha balaa lote hilo ni sura yake. Ngozi ameichubua kwa vipodozi mpaka imekuwa mabakamabaka. Nywele ameziunguza kwa chuma cha moto. Hacheki akaachia meno kwa kuwa anaona hayakuwa meupe inavyotakiwa. Sijui riwaya nyingine ya Afrika Mashariki iliyoieleza hali hii kwa uchungu na ukweli kiasi hiki: mtu ameonewa na wengine, lakini anakaa mbele ya kioo kumtafuta mkosaji. Kisha tunamkuta tena baada ya miaka miwili. Amesomea ufundi wa mitambo, anafanya kazi gereji, anajua karate, mwanamume anayemgusa bila ruhusa anajuta. Mwili uleule uliokuwa aibu sasa ni chombo cha kufanyia kazi. Hapa Ngũgĩ amefanya jambo kubwa. Hakumpa Wariinga sura mpya. Amempa spana.

(Mahali pamoja anateleza. Mapema katika riwaya msimulizi anatuhakikishia kwamba Wariinga akijisahau, akaacha kujifikiria, huwa anavutia mno na watu hugeuka kumtazama. Yaani tusimwonee huruma, kumbe ni mzuri! Je, angekuwa si mzuri? Tungeruhusiwa kukubaliana na kioo chake?)

Sasa vuka uende pangoni Ilmorog, kwenye shindano la wezi na wanyang'anyi. Anapanda jukwaani Gitutu wa Gataanguru. Kabla hajafungua mdomo tumeshaonyeshwa tumbo: kubwa kupita kiasi, limening'inia, linalobebwa na kanda za suruali, la sivyo lingefika chini. Ukumbi wa wasomaji unacheka. Nami nilicheka. Halafu anaanza kusema, na anayoyasema ni ya kutisha. Huyu ni mtu aliyetajirika kwa kununua mashamba na kuyakatakata ili awauzie wasio na ardhi kwa bei ya kuwaua, na sasa ndoto yake ni kuuza udongo kwenye makopo, na hata hewa, ili maskini avute pumzi kwa kulipia. Mwandishi aliyebuni hoja ya kuuza hewa hahitaji msaada wa tumbo. Ubaya wa Gitutu uko katika hesabu zake. Lakini jaribu kuwauliza wenzako wanakumbuka nini kuhusu Gitutu. Mimi nimewauliza. Wanakumbuka kitambi, wachache sana wanaikumbuka hewa.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia, na ni hasara ya kisanaa kabla haijawa ya kimaadili. Picha ya mwili imeimeza hoja. Tena kuna jambo la kuchekesha: mhusika mwenye mwili wa mviringo ndiye anayekuwa bapa kuliko wote.

Mtetezi wa Ngũgĩ atasema, na atakuwa na haki, kwamba pangoni humo yumo pia Kihaahu wa Gatheeca, ambaye ni mrefu na mwembamba kama mdudu wa miguu mirefu, na naye ni mwizi wa kutupwa. Ndiye aliyeanzisha shule ya chekechea ya kujidai, akaweka masanamu ya watoto wa Kizungu ili wenye fedha walete watoto wao. Kwa hiyo, atasema, mwandishi hakuwaonea wanene, amewakejeli wote. Naam. Lakini hiyo maana yake ni kwamba hata mwembamba naye ameshtakiwa kwa wembamba wake. Tumeongeza washitakiwa tu. Mwili ulio salama katika pango lile ni ule wa kati na kati, na mwili wa kati na kati ndio ambao mwandishi hausemi.

Anayeniridhisha ni Nditika wa Nguunji. Huyu naye ni mnene, ila kinachobaki kichwani ni wazo lake la kutengeneza viungo vya ziada ili tajiri awe na midomo miwili, matumbo mawili, mioyo miwili, ale mara mbili na asife. Hapo tumbo limeacha kuwa maumbile ya mtu, limekuwa tamaa anayoisema kwa kinywa chake mwenyewe. Hiyo ndiyo tashtiti. Mtu mwembamba akisimama jukwaani akaomba tumbo la pili, tutamchukia vilevile. Naomba wasomaji wenzangu wapime kejeli kwa kipimo hiki: ukimbadilisha mhusika mwili, je, kejeli inabaki? Kama inabaki, mwandishi amemkejeli mtu kwa alichotenda. Kama inapotea, amemkejeli kwa jinsi alivyo.

Mpaka hapa nimezungumzia wanaume, kwa kuwa kitambi cha siasa ni cha kiume. Mwanamke mnene hana hata heshima ya kuogopwa. Yeye kazi yake ni kuchekesha. Katika Utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ukubwa wa mwili wa Liyongo ni ushujaa. Pepe Kalle wa Zaire, aliyefariki mwaka 1998, alikuwa pande la mtu, mashabiki wakamwita tembo, na hilo lilikuwa jina la enzi. Mwanamke akiwa na mwili huohuo anaitwa bonge, tipwatipwa, na katika vichekesho vyetu si lazima hata awepo mwenyewe: mwanamume anavaa dera, anajaza mito tumboni na nyuma, anatembea kwa kuyumba, basi, kicheko kimepatikana kabla ya neno la kwanza. Tusidhani tuliibuni peke yetu. The Nutty Professor ya Eddie Murphy (1996) na Big Momma's House ya Martin Lawrence (2000) zilijaza vibanda umiza vya mitaani, na hazikuhitaji sana mtafsiri. Mto tumboni unaeleweka kwa lugha zote.

Nina sababu ya kulisema hili. Mimi ni mwanamke mwenye mwili mkubwa, na tangu nijiunge na kikundi cha maigizo nimepewa nafasi nne: tajiri mwenye roho mbaya, mke wa tajiri huyohuyo katika mchezo mwingine, mama wa kilabuni, na shangazi anayekula wakati wenzake wanalia msibani. Hakuna aliyenitukana. Mwongozaji wangu ni kijana muungwana, alinieleza kwa upole kabisa kwamba mwili wangu unajieleza, hivyo sitakuwa na kazi kubwa. Na ni kweli, sikuwa na kazi kubwa. Hicho ndicho ninachokilalamikia. Nilikuja kuigiza, nikakuta mwili wangu umefika kabla yangu na umeshamaliza kusema. Binti mwembamba mwenzangu amecheza mjane, mpigania uhuru, mwalimu na kichaa. Sijui kama ninaweza kumcheza mpigania uhuru. Sijawahi kujaribiwa.

Hapa huwa nakatishwa na jibu ambalo nimelisikia darasani, kantini na hata kwa mwalimu mmoja: kwamba suala hili ni la Wazungu, sisi Waafrika tunapenda unene. Si tunasalimiana "umenenepa, mambo yako safi"? Si mwali alikuwa akiwekwa ndani anenepe? Si tunasema mtu amenawiri?

Ndiyo, tunasema. Lakini anayependa unene kwa namna hii anamfanyia nini mwembamba? Tazama salamu ya upande wa pili: "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Watoto nao wana yao ya kimbaumbau mwiko wa pilau, na kukonda kama ng'onda ni tashbiha tunayoifundisha bila kufikiri mara mbili. Salamu hiyo ilikuwa na uzito wake tangu zamani, lakini kuanzia miaka ya 1980 ilipata sumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Kule watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichotoka Uganda. Uganda kwenyewe uliitwa slim, yaani wembamba. Fikiria maana yake: jina la ugonjwa ni umbo la mtu. Tangu hapo kila aliyepungua, kwa kifua kikuu, kwa mawazo, kwa kufiwa, kwa kukosa chakula au kwa kuzaliwa hivyo, alitembea na shitaka mgongoni. Mtu akikohoa tu basi, wanaangaliana. Nyimbo za mahadhari, maigizo ya jukwaani na michoro ya ukutani vilitumia picha moja, ya mtu aliyebaki mifupa. Wasanii walikusudia kuokoa maisha na pengine waliyaokoa, sibishani na hilo. Ila waliwafundisha watu kupima kwa macho kitu ambacho hakipimwi kwa macho, wakawapa wanene hati ya uzima na wembamba hati ya kifo, na wengi walikufa kwa kuiamini hati ya kwanza.

Ndiyo maana naiheshimu tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds (2006), ambayo wengi wetu tumeisoma sekondari. Furaha amekufa kwa UKIMWI na ameacha orodha. Watu wanahangaika kwa sababu wanadhani wanajua kilichoandikwa humo. Hawajui. Mchezo mzima unasimama juu ya kosa la watu waliodhani wameshaisoma habari kabla ya kuifungua karatasi. Mhakiki anaweza kujifunza hapo zaidi kuliko katika nadharia nyingi.

Kwa hiyo hatupendi unene. Tunapenda unene fulani, mahali fulani, kwa sababu fulani. Bongo Fleva imeliweka wazi. Wimbo baada ya wimbo unasifia wowowo, umbo namba nane, mguu wa bia, na kuna wanaodai kwamba huo ndio ushindi wa mwili wa Kiafrika dhidi ya vipimo vya kigeni. Mimi nauona kama kubadilisha hakimu tu. Namba nane maana yake kiuno kiwe chembamba. Nyama inakubaliwa nyuma, inakataliwa tumboni. Mama yangu mdogo ana nyama kila mahali na hajawahi kuimbwa. Tena msifiaji na mdhihaki wanafanya kazi moja, wote wanamgawa mtu vipande na kuvipa bei.

Mashindano ya urembo ni mahakama ya aina nyingine, yenye futi kamba. Miss Tanzania ya kwanza ilifanyika mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio, ikapigwa marufuku, ikarudi mwaka 1994. Waliopiga marufuku walisema inadhalilisha utamaduni wetu, na walioirudisha walisema ni biashara na ajira kwa vijana. Katika ubishi huo wote sikuona pahala ambapo mtu alimuuliza binti mwenyewe. Ni enzi hiyohiyo ya marufuku ambapo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968 na kukagua urefu wa sketi za wasichana barabarani. Aliyekuwa anapinga kupima miili ya wanawake alikuwa akipima sketi zao. Neno modo liliingia mitaani baadaye, na leo msichana wa Sinza anaweza kuitwa modo asubuhi kwa sifa na kimbaumbau jioni kwa dhihaka, mwili ni uleule.

Mahali pekee ambapo nimeona mwili mkubwa wa mwanamke ukisimama mbele za watu bila kuomba radhi wala kuuzwa ni kwenye taarabu, na habari hiyo ina mizizi mirefu. Siti binti Saad aliingia mjini Unguja kutoka Fumba akiwa maskini, mwuza vyungu. Alipopata jina, wenye wivu walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki aliyokuja nayo na sura ambayo kwao haikuwa nzuri. Shaaban Robert ameieleza habari hiyo katika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti hakukana. Hakusema "mbona mimi mzuri". Aliwajibu kwa wimbo wake, akaiondoa sura kabisa katika mizani na kuiweka akili mahali pake. Mwaka 1928 akaenda Bombay, sauti yake ikarekodiwa kwenye santuri, na santuri, kama tujuavyo, haina sura.

Katika miaka ya 1990 Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano walipopambana kwa mipasho, Dar es Salaam nzima iligawanyika. Kopa hajawahi kuuficha mwili wake mkubwa jukwaani. Anausogeza taratibu, hana haraka, na ule utaratibu wenyewe ni fani, kwa sababu kitu kizito kikienda polepole macho hayana budi kukisubiri. Lakini muhimu zaidi ni yanayotokea chini ya jukwaa. Mwanamke anasimama katikati ya beti, anapita mbele na noti yake kutunza, mkono juu, nyonga zikifuata ngoma, na anachagua ubeti. Akitunza kwenye neno fulani, neno hilo limekuwa lake, na anayehusika ukumbini ameshajua. Wengi wao ni watu wa makamo, wana miili ya kuzaa na ya kazi. Hakuna anayewapigia makofi kwa ujasiri wa kutoka na miili hiyo. Wamekuja kusema jambo, na mwili ndio uliowabeba mpaka pale mbele. Kama kuna kitu kinachoitwa kuukubali mwili katika utamaduni wetu pendwa, mimi nimekiona pale, na hakikuwa na kauli mbiu.

Nisije nikaipamba taarabu kupita kiasi. Mipasho hiyohiyo inatukana maumbo ya watu bila huruma, na waliomtukana Siti nao walitumia wimbo. Tofauti ni kwamba huko aliyetukanwa ana zamu yake. Wiki ijayo atarudi na jibu, na ukumbi utakaa kumsikiliza. Gitutu hana zamu ya kulijibu tumbo lake. Shangazi yangu wa msibani naye hana. Na mgonjwa aliyechorwa mifupa ukutani hajapata kuulizwa.

Rafiki yangu mmoja, baada ya kusoma rasimu hii, ameniuliza kama basi tusicheke tena. Tucheke jamani, nani anaweza kukaa bila kucheka? Mwingine, wa sayansi, amenikumbusha presha na kisukari. Sawa, lakini daktari anapima damu, hamalizi kazi kwa kuangalia mlangoni. Sisi wa fasihi tunamaliza kazi mlangoni halafu tunaita uhakiki.

Muhula huu kikundi chetu kinatayarisha onyesho la pango la Ilmorog. Nimependekeza Gitutu achezwe na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, mwembamba, mwenye sauti ya upole, bila mto, bila kanda za suruali, asimame tu na kueleza bei ya hewa. Nimeomba pia nijaribiwe kwa Wariinga, yule wa gereji. Kuhusu Wariinga mwongozaji hajajibu. Kuhusu Gitutu amejibu palepale, tena kwa mshangao wa kweli: "Sasa watazamaji watamjuaje kwamba ni mwizi?"